Shangazi, hiyo barua usiitupe

Shikamoo shangazi,

Jana usiku uliniambia, "Wamenifukuza kwenye bima," kisha ukabadilisha mazungumzo ukaniuliza habari za watoto. Neno hilo nimelala nalo. Nimeamua kukujibu kwa maandishi, na kuyaweka hapa hadharani, kwa sababu Oktoba hii ya 2025 wako wazee wetu wengi hapa Marekani walioshika barua kama hiyo yako, ya kampuni kusema mpango wao wa bima unakwisha, na hawajui waanzie wapi.

Hujafukuzwa, shangazi. Medicare ni bima ya serikali. Ipo tangu Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria yake mwaka 1965, na ni haki yako kwa umri wako na kwa miaka yote uliyokatwa kodi kwenye mshahara. Hakuna kampuni inayoweza kukunyang'anya. Kinachokwisha tarehe 31 Desemba ni ule mpango wa Medicare Advantage, ambapo kampuni binafsi inalipwa na serikali ili ikusimamie matibabu. Kampuni hizo hufunga mkataba na serikali mwaka kwa mwaka, na kila mwaka huamua zibaki kaunti ipi na ziondoke ipi. Yako imeondoka kwenye kaunti yenu. Wamewaacha wote waliokuwa kwenye mpango huo, wagonjwa kwa wazima. Sukari yako na goti lako havikuhusika hata kidogo.

Sasa nikueleze kwa nini nilikukatiza jana nikakuuliza barua iko wapi. Baba alipata barua ya namna hiyo miaka miwili iliyopita. Ilikuja katikati ya matangazo ya bima yanayomiminika kila Oktoba, naye akaiweka kwenye rundo hilohilo. Hakuna aliyeisoma. Januari akaenda kuchukua dawa zake za moyo, akaambiwa hana bima ya dawa. Ndivyo ilivyo: mpango ukikwisha nawe hujachagua kitu, Januari mosi unarudishwa kwenye Medicare ya asili, yaani Sehemu A ya hospitali na Sehemu B ya madaktari, ila dawa za kumeza nyumbani hazimo. Alizilipia mwenyewe mwezi mzima. Tukahangaika, tukamwingiza haraka kwenye mpango mwingine wa Advantage uliokuwa karibu, tukapumua.

Aprili ndipo mshauri mmoja alipotuambia tulichopoteza, na hili ndilo hasa ninalotaka ulisikie.

Medicare ya asili hulipa asilimia 80 ya gharama nyingi za Sehemu B, na 20 zinabaki kwako, bila kikomo cha mwaka. Kwa mtu wa kumwona daktari mara mbili kwa mwaka hilo linabebeka. Kwa mtu wa saratani au wa kusafishwa figo ni balaa. Ndiyo maana kuna bima ya nyongeza iitwayo Medigap, ambayo hulipa sehemu kubwa ya hicho kinachobaki. Uzuri wake ni kwamba unakwenda kwa daktari yeyote anayepokea Medicare, jimbo lolote, bila kuomba kibali cha kampuni. Ubaya wake ni kwamba ukishapita ile miezi sita ya mwanzo, inayoanza ukiwa na miaka 65 na Sehemu B, katika majimbo mengi kampuni inaruhusiwa kukuuliza maradhi yako, ikakupandishia bei au ikakukataa kabisa. Mlango huo kwako ulishafungwa zamani, na kwa baba pia.

Barua uliyoshika inaufungua tena. Mpango wa Advantage unapokomeshwa na kampuni yenyewe, sheria ya nchi nzima inakupa haki ya kununua Medigap bila kuulizwa maradhi, na bila kutozwa zaidi kwa sababu ya ugonjwa ulio nao. Unaweza kuomba kuanzia siku 60 kabla ya bima kukoma hadi siku 63 baada ya kukoma. Ikikoma 31 Desemba, siku zako zinaishia tarehe 4 Machi. Kampuni itataka ushahidi kwamba mpango wako umekomeshwa, na ushahidi ni hiyo barua yenye jina lako. Baba alikuwa nayo kwenye rundo la matangazo. Tulipoikuta siku zilishapita. Akaomba kama mtu mwingine yeyote, akaulizwa habari za moyo, akakataliwa na kampuni mbili. Leo anasafiri mbali kumwona daktari wa moyo aliye kwenye orodha ya madaktari wa mpango wake, na kila safari mimi naikumbuka ile karatasi.

Kwa hiyo ipige picha, toa nakala, halafu yenyewe iweke pamoja na pasipoti yako. Na hakikisha ni barua yenyewe. Kila vuli kampuni hutuma pia barua ya mabadiliko ya mwaka, ya kwamba bei imepanda au dawa fulani imetolewa kwenye orodha. Hiyo haikupi haki ninayoisema. Yako inapaswa kusema wazi kwamba mpango hautaendelea mwaka ujao.

Ukiniuliza mimi, shangazi, kwa sukari yako na kwa jinsi unavyokaa nusu mwaka kwa mwanao wa jimbo jingine, ningechukua Medicare ya asili, Medigap, na mpango wa dawa wa Sehemu D. Wewe uliingia Medicare baada ya 2020, kwa hiyo kati ya aina unazoruhusiwa kununua kwa haki hii imo ile ya herufi G, ambayo hufunika karibu kila kitu isipokuwa kile kiasi cha kwanza cha Sehemu B unachojilipia mwenyewe kila mwaka. Katika majimbo karibu yote G ya kampuni hii na G ya kampuni ile ni kitu kilekile kwa mujibu wa sheria. Kinachotofautiana ni bei. Usishawishike kwamba ya bei kubwa ina matibabu zaidi.

Lakini ina ada ya kila mwezi, juu ya ile ya Sehemu B ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa walio wengi, na sitaki ujibane chakula ili ulipe bima. Ikikushinda, chukua Advantage nyingine. Si kosa, na wengi wanatibiwa vizuri huko, wakipata meno na miwani humohumo. Ila kabla ya kukubali piga simu kwenye zahanati ya daktari wako mwenyewe, uwatajie jina kamili la mpango, uulize kama wataupokea mwakani. Usitosheke na kitabu cha kampuni. Kisha dawa zako, moja moja na kipimo chake, ziangaliwe kwenye orodha yao. Kama utakuwa katikati ya matibabu wakati unahama, mpango mpya wa Advantage unatakiwa ukuache uendelee nayo kwa angalau siku 90, na dawa isiyo kwenye orodha yao unaweza kupewa ya mwezi mmoja ya kukuvusha wakati daktari anashughulikia. Hilo wengi hawalijui, wanaacha dawa kimya kimya.

Tarehe ni hizi. Msimu wa kila mtu ni 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Nyinyi mliokomeshewa mpango mmeongezewa kuanzia 8 Desemba hadi siku ya mwisho ya Februari. Ukichagua kabla ya Desemba kwisha, bima mpya inaanza Januari mosi na hutakosa hata siku moja. Ukingoja Januari, inaanza Februari, kama ilivyomkuta baba. Na bima ya dawa usikae bila hiyo kwa siku 63 mfululizo au zaidi, kwa sababu kuna faini inayohesabiwa kwa kila mwezi uliokosa, nayo hukuandama muda wote utakaokuwa na bima ya dawa. Ndani ya bima hiyo mwaka 2026 hutalipa zaidi ya dola 2,100 kwa mwaka kwa dawa zilizomo, na insulini haitazidi dola 35 kwa mwezi.

Kuhusu kipato, naomba usione aibu. Kuna Medicaid, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, kuna mipango inayowalipia wenye kipato kidogo ada ya Sehemu B, na kuna msaada wa gharama za dawa unaoombwa kwenye ofisi ya Social Security. Wewe umelipa kodi nchi hii miaka yote hiyo. Omba.

Halafu simu. Wiki hizi watakupigia watu wenye sauti tamu wakisema wanatoka Medicare. Medicare haipigi simu kuuza bima, na kampuni ambazo wewe si mwanachama wao haziruhusiwi kukupigia wala kukubishia hodi bila wewe kuwaita. Namba ya kadi yako usimtajie mtu aliyekupigia yeye. Mtu wa kuzungumza naye ni mshauri wa SHIP, huduma iliyo katika kila jimbo, haiuzi chochote wala haitozi. Wakala wa bima anaweza kuwa mtu mwema, ila anaishi kwa kamisheni na hana mipango yote mkononi. Namba ya Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227. Waambie kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili, hulipii, nao watakuelekeza kwa SHIP wa jimbo lako.

Nitakupigia Jumamosi asubuhi ukishamaliza chai, tuwapigie pamoja wote watatu kwenye laini moja. Uwe na barua mezani, ile kadi ya Medicare yenye nyekundu, nyeupe na buluu, na chupa zako zote za dawa, hata zile unazosema siku hizi huzinywi.

Mwanao anayekupenda.