Asidi dhaifu nayo ina hatari yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji, hasa wenzangu wa hapa Tabora, juu ya jambo linalonikosesha raha kama mwalimu wa kemia. Watu wengi wanaamini kwamba tindikali ya kuogopwa ni ile ya betri peke yake, na kwamba siki na ndimu, kwa kuwa tunazila, zinaweza kuchanganywa na chochote bila madhara.

Asidi kali, kama salfuriki ya kwenye betri, hidrokloriki iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia vyoo, au naitriki, ikiingia majini molekuli zake karibu zote huachia ayoni za haidrojeni, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazoleta uasidi. Asidi dhaifu, kama asetiki ya kwenye siki, sitriki ya ndimu, au glukoniki iliyomo hata katika asali yetu, huachia sehemu ndogo tu. Mmumunyo wa hidrokloriki wenye moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa molekuli) una pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ikiwa ndogo uasidi ni mkubwa, ya 1, ilhali ule wa asetiki wenye kiasi hicho hicho una pH ya takriban 2.9, kwani katika kila molekuli 100 ni moja hivi tu iliyoachia ayoni yake. Hata hivyo, asetiki ambayo haijazimuliwa huunguza ngozi na macho, na ipo hidrofloriki, ambayo kwa kipimo hiki ni dhaifu, lakini hupenya ngozi na kuunyang'anya mwili kalsiamu hata moyo ukaweza kusimama.

Tazama kinachotokea kwenye nguo. Siki ikidondokea kanga, hukauka na asidi yake ikapaa pamoja na maji. Tone la asidi ya betri halifanyi hivyo: maji hupungua, salfuriki hubaki ikizidi kukolea ndani ya nyuzi za pamba, na mwenye kanga huyaona matundu baada ya kufua, wakati fundi aliyemrushia tone hilo ameshasahau.

Sasa nije kwenye kuchanganya. Siki ikikutana na hidrokloriki iliyozimuliwa hakuna maajabu. Ayoni nyingi za ile kali huifanya ile dhaifu iachie chache zaidi, na pH hubaki karibu pale pale. Hatari iko kwingine. Anayezimua salfuriki nzito aitie asidi kwenye maji, kidogo kidogo huku akikoroga, wala asitie maji kwenye asidi, kwa sababu asidi hiyo ina uzito wa takriban gramu 1.84 kwa kila sentimita moja ya ujazo, hivyo maji huelea juu yake, huchemka ghafla kwa joto linalozalishwa, na kuirusha asidi usoni mwa anayemimina.

Linalonitisha zaidi liko majumbani mwetu. Jiki yenye klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Siki na maji ya ndimu huitoa pia, maana kinachohitajika ni asidi tu, si lazima iwe kali. Dada wa kazi aliyejifungia katika choo kidogo kisicho na dirisha, akamimina vyote viwili ili sakafu itakate upesi, ataanza kukohoa na kutokwa machozi kabla hajajua kosa liko wapi. Atoke nje mara moja apate hewa safi, na anayebanwa kifua apelekwe hospitali.

Kwa wenzetu wa Nzega wanaojishughulisha na dhahabu nina neno moja: naitriki na hidrokloriki, zikiwa nzito, zikichanganywa huyeyusha hata dhahabu na kutoa gesi zenye sumu. Kazi hiyo isifanyike ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Aliyemwagikiwa asidi avue nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha awahishwe kwa daktari. Asipakwe magadi, kwani magadi yakikutana na asidi huzalisha joto juu ya jeraha.

Mwisho, nawaomba wauzaji wa asidi ya betri waache kabisa kuijaza kwenye chupa za maji ya kunywa, na maofisa afya wa manispaa yetu walikague jambo hili madukani. Asidi hiyo haina rangi, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na maji. Kila chupa iandikwe jina la kilichomo na ukolevu wake kwa wino usiofutika, na iuzwe kwa mtu mzima anayejua anakwenda kuifanyia nini.

Mwalimu wa Kemia,
Tabora