Kiyoyozi cha inveta na hesabu ya Tabora

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie viyoyozi vya inveta, ambavyo wauzaji huvisifia kwamba vinakula umeme kidogo. Sifa hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba hesabu yake huachwa njiani.

Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, ya kiyoyozi cha zamani ama huzunguka kwa nguvu zote ama huzimika, na kila inapowaka taa za sebuleni hufifia. Ya inveta hupunguza mwendo chumba kikishapoa, ikaendelea taratibu. Hapa kwangu Isevya nilisoma mita ya LUKU kabla na baada ya kubadilisha, mashine zote mbili zikiwa na nguvu sawa ya kupoza, BTU 12,000: ya zamani ilikula uniti 8 tangu saa mbili usiku hadi alfajiri, mpya uniti 5. Kwa uniti inayokaribia shilingi 350, naokoa kama shilingi 1,050 kila usiku.

Lakini ni usiku mara ngapi? Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai tunajifunika blanketi. Joto la kukosesha usingizi huanza Septemba, hukaza Oktoba, kisha hulegea mvua zikishashika. Tuseme siku 90, yaani shilingi 94,500 kwa mwaka, ilhali mashine hii ilinigharimu shilingi 450,000 zaidi ya ile ya kawaida. Itanichukua karibu miaka mitano kurudisha fedha yangu. Mkazi wa Dar es Salaam anayewasha kiyoyozi usiku 300 huirudisha kwa mwaka mmoja na nusu, na nahisi maneno ya dukani yalitungwa kwa ajili yake.

Hapo sijataja matengenezo. Mwaka wa pili umeme ulishuka nguvu jioni moja, ukarudi kwa kishindo, bodi ya kielektroniki inayoongoza mashine ikaungua. Fundi alinionyesha kidoa cheusi kisichozidi punje ya mtama. Bodi nyingine ililetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, na pamoja na ufundi nililipa shilingi 380,000, akiba ya miaka minne. Mashine ya zamani ilipogoma, fundi huyohuyo alibadilisha kapasita tu, kifaa kidogo kinachosaidia mota kuwaka, kwa bei isiyozidi ya kuku wawili. Nakiri kosa langu: sikufunga kifaa cha kulinda umeme, ingawa muuzaji naye hakukitaja.

Gesi ya kupozea nayo ina mambo yake. Mashine nyingi mpya hutumia R32, ambayo huchangia joto la dunia kwa kiasi kidogo kuliko gesi iliyoitangulia, R410A, lakini inaweza kushika moto na hujazwa kwa kupimwa kwenye mizani, si kwa kukisia kama wengi walivyozoea kwa R22, gesi inayoondolewa sokoni kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni.

Mwenye nyumba ya wageni, au anayetumia umeme wa jua, bado ningemshauri anunue inveta. Anayelala chini ya bati lisilo na dari aanze na dari. Wauzaji nao, pamoja na kutangaza akiba, waandike bei ya bodi na mahali inapopatikana. Nilipouliza hivyo dukani wiki iliyopita, kijana wa kaunta alipiga simu tatu, kisha akaniomba nirudi Jumatatu.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora