Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Tesla: Monterrey Inajengwa au Haijengwi?

Kwa Bi. Robyn Denholm,
Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi, Tesla,
Austin, Texas, Marekani.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: VIWANDA VINAVYOTANGAZWA KABLA YA GARI KUWA TAYARI

Tunakuandikia kwa heshima, lakini subira imetuishia. Tarehe 7 Oktoba 2025 kampuni yako ilitoa matoleo ya bei ya chini ya Model 3 na Model Y, moja kwa dola 36,990 na jingine kwa dola 39,990. Ni magari yale yale yaliyopunguzwa vitu: viti vya kitambaa, skrini ya abiria wa nyuma haipo, na uwezo wa gari kujiongoza ndani ya mstari wake wa barabara umeondolewa. Gari la dola 25,000 lililoahidiwa tarehe 22 Septemba 2020, kwamba lingekuja baada ya miaka mitatu hivi, hatujaliona. Na kiwanda cha Santa Catarina, pembeni mwa Monterrey nchini Meksiko, kilichotangazwa tarehe 1 Machi 2023 kuwa ndicho kitakachotengeneza gari la kizazi kipya, hakijatoa hata gari moja.

Umekikalia kiti hicho tangu Novemba 2018, kwa hiyo haya yote yametokea ukiwa mwenyekiti. Lilitajwa lengo la kuzalisha magari milioni 20 kwa mwaka ifikapo 2030. Mwaka 2023 wateja walikabidhiwa magari yapatayo milioni 1.81, mwaka 2024 idadi ikashuka hadi milioni 1.79. Taarifa ya kampuni iliyotoka Mei 2024 haikulitaja tena lengo hilo. Kampuni ina haki ya kubadili lengo. Tunachokilalamikia ni ukimya, kwa sababu tarakimu ya namna hiyo ndiyo inayompeleka mtengenezaji vipuri benki kuomba mkopo.

Chukua kalibu ya bampa peke yake. Kabla hajaagiza chuma chake, mtengenezaji lazima ajue ni bampa ngapi zitatakiwa kwa wiki. Tarakimu hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa mashine ya kusindilia plastiki, unene wa msingi wa zege chini ya mashine hiyo, idadi ya zamu na ukubwa wa ghala. Kisha chuma kinachongwa kwa miezi, bampa za majaribio zinatolewa, zinapimwa, kalibu inarudishwa kurekebishwa, na mteja anaidhinisha sampuli. Tuseme kalibu inagharimu dola 600,000. Ikitoa bampa 500,000, kila moja inabeba dola 1.20 ya gharama hiyo. Ikitoa 50,000 tu, kila moja inabeba dola 12. Mpango ukifa kabisa, chuma hicho hakina mnunuzi mwingine, maana bampa ya gari moja haivai gari jingine. Na gari lina maelfu ya vipuri, vingi vyao vikiwa na kalibu au vishikizo vyake vya kulehemu. Ukimya wa mwaka mmoja Austin unalipiwa riba na watu ambao hawamo kwenye mikutano yenu.

Kujenga haraka mnajua, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Shanghai ardhi ilianza kuchimbwa tarehe 7 Januari 2019, na tarehe 30 Desemba mwaka huo huo wafanyakazi 15 wakakabidhiwa magari ya kwanza. Kwa jinsi tunavyoona, sababu ni nne. China ilikuwa imebadili masharti yake mwaka 2018 ili kampuni ya kigeni ya magari ya umeme imiliki kiwanda bila mbia. Serikali ya mji ilisukuma vibali. Watengenezaji vipuri walikuwa tayari wamejaa ukanda ule. Ya nne, ambayo kwetu ni kubwa kuliko zote, ni kwamba Model 3 lilikuwa gari lililokwisha kufahamika. Makosa yake yalikuwa yamelipiwa Fremont, California, mwaka 2018, roboti zilipozidi hadi zikakwamisha kazi, na laini nyingine ya kuunganishia ikabidi ijengwe ndani ya hema. Shanghai walipokea michoro iliyopona.

Monterrey mlitaka mambo matatu mapya kwa pamoja: gari jipya, kiwanda kipya na namna mpya ya kuunganisha. Hapo ndipo tunapoamini kazi ilikwamia, hata kabla ya siasa. Kwa utaratibu wa kawaida bodi nzima ya gari inalehemiwa, milango inafungwa, vyote vinapita rangi pamoja, kisha milango inavuliwa ili mafundi waingize nyaya, dashibodi na viti, na mwishoni inarudishwa. Ni kazi ya kurudiarudia, lakini ina faida: fundi anauona mwanya kati ya mlango na bodi mapema, na anaweza kuusahihisha kabla ya rangi. Utaratibu mliouonyesha Machi 2023 unatengeneza sehemu kubwa za gari mbalimbali, unazipaka rangi zikiwa mbalimbali, unazijaza vifaa, kisha unazikutanisha mara moja mwishoni. Mlisema utapunguza gharama kwa nusu na eneo la kiwanda kwa asilimia 40. Huenda ni kweli. Lakini kila sehemu ikikosea nusu milimita, makosa hayo yanajumlishana na kujitokeza siku ya kuunganisha, sehemu zikiwa zimeshapakwa rangi na kujazwa vifaa. Ukigonga, rangi inapasuka. Jambo la namna hii hujaribiwa kwanza kwenye laini ndogo ndani ya kiwanda kilichopo, mpaka lizoeleke. Halitangaziwi ardhi katika nchi nyingine kabla ya hapo.

Kuna na maji. Mwaka 2022 mabomba ya Monterrey yalikauka, na Rais wa Meksiko wa wakati huo, López Obrador, alisema wazi kwamba bila kulimaliza suala la maji kibali kisingetolewa. Makubaliano yakawa kutumia maji yaliyosafishwa upya. Kwenye karakana ya rangi hilo si jambo la kuunganisha bomba tu. Bodi huzamishwa kwenye matangi ya kuondoa mafuta, kisha dawa ya kushikisha rangi, kisha rangi ya kwanza inayovutwa na umeme, na baada ya kila hatua husuuzwa. Maji ya suuza ya mwisho lazima yawe yameondolewa chumvi. Yakibaki na chumvi, tone likikauka juu ya bati linaacha doa, na tanuri likishapasha bodi, doa linageuka shimo dogo ambalo huliondoi ila kwa kukwangua na kupaka upya. Maji yaliyosafishwa upya kwa kawaida yana chumvi nyingi kuliko ya mto, kwa hiyo mtambo wa kuyachuja unakuwa mkubwa zaidi, unakula umeme zaidi, na unatoa majitaka ya chumvi yanayohitaji pa kwenda. Wananchi wa Nuevo León, jimbo la Monterrey, wana haki ya kuujua mpango huo.

Grünheide, Ujerumani, ilitakiwa iwe imeshawafundisha. Kiwanda kilitangazwa Novemba 2019 na kilikusudiwa kuanza Julai 2021. Kilifunguliwa tarehe 22 Machi 2022. Mlijenga kwa vibali vya muda, huku wakazi wakipinga kukatwa kwa msitu na mkataba wa maji ya kiwanda. Kisha kuanzia tarehe 29 Januari hadi 11 Februari 2024 sehemu kubwa ya uzalishaji ikasimama, kwa sababu meli zilizokuwa zikikwepa Bahari ya Shamu zilichelewa kufika na vipuri. Kiwanda kilichoko Ulaya kwa majengo lakini kinachongoja vipuri vya Asia bado kinaishi kwa ratiba ya meli.

Tunajua kuhusu ushuru, hatuwabebeshi lawama isiyo yenu. Tarehe 23 Julai 2024 wawekezaji waliambiwa kwamba Monterrey imesimamishwa hadi uchaguzi wa Marekani upite, kwa hofu ya ushuru. Uchaguzi ukapita. Tarehe 3 Aprili 2025 ushuru wa asilimia 25 kwa magari yanayoingia Marekani ukaanza kutumika, na gari la Meksiko linalokidhi mkataba wa biashara wa nchi tatu (Marekani, Meksiko na Kanada) likapewa nafuu ya kutotozwa kwa thamani ya vipuri vyake vya Marekani. Basi hesabu inawezekana kufanywa. Jedwali lipo, asilimia zipo, wahasibu mnao. Kitu mlichosema mnakisubiri kimeshafika, na jibu halijatolewa.

India nako ni hivyo hivyo. Machi 2024 nchi hiyo ilikubali kushusha ushuru hadi asilimia 15 kwa idadi maalumu ya magari ya umeme, kwa kampuni itakayowekeza angalau dola milioni 500 na kuanza kuzalisha ndani ya miaka mitatu. Ziara ya mkuu wenu, Elon Musk, mwezi uliofuata ikaahirishwa. Julai 2025 mlifungua duka la magari Mumbai, la kuuza Model Y kutoka Shanghai. Wakati huo BYD, kampuni ya China ya magari ya umeme, ilikuwa imekwisha kufungua kiwanda Rayong, Thailand, tarehe 4 Julai 2024, chenye uwezo wa magari 150,000 kwa mwaka. Ardhi nzuri karibu na bandari na umeme wa uhakika haimngojei mtu.

Tungeweza kukuomba mengi: tarehe, aina ya gari, idadi kwa wiki, megawati zitakazohitajika, seli za betri zitatoka wapi. Betri inayosafirishwa peke yake ni mzigo wa hatari wa daraja la 9, nayo ina uzito wa mamia ya kilo, kwa hiyo swali hilo la mwisho peke yake linaweza kuamua kiwanda kikae wapi. Lakini tunaomba moja tu. Bodi ya Wakurugenzi iandike, kwa barua yenye sahihi yako, kama Monterrey inajengwa au haijengwi. Kama inajengwa, taja gari na mwaka. Kama haijengwi, sema haijengwi, ili gavana atafute mwekezaji mwingine na mwenye mashine azipeleke kwa mteja mwingine. Jibu la hapana tunaweza kulifanyia kazi kesho asubuhi. Tunaomba lije kabla ya ripoti ya robo mwaka ijayo.

Wako katika kazi,
Wahandisi wa uzalishaji wa magari