Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Onyesho la Igizo la Siti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Igizo la muziki utakalolitazama leo linamhusu Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu akivinadi kwa nyimbo, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Mumbai kutia sauti yake kwenye sahani za santuri.

Mheshimiwa, warsha yetu ilianza na chungu, mswada haukuwepo. Tulisukuma madawati ukutani, kila mmoja akajitwika, akazunguka darasa akinadi kwa mahadhi yake. Siku ya pili chungu kikavunjika. Tukaazima kingine kwa bibi wa mwenzetu, kwa sharti kirudi kizima (hadi asubuhi hii ni kizima). Katika kunadi kule ndipo ulipopatikana wimbo wa kwanza. Nyimbo zote ni tungo zetu. Za Siti mwenyewe hatukuzigusa.

Rasimu ya kwanza ilichukua saa mbili na nusu. Tuliwaonyesha wanafunzi wa darasa la tano, na pale tulipobuni Siti anaagana na mama yake, wakacheka! Tuliudhika, lakini haki ilikuwa yao. Mama alisema ana huzuni, kisha akaimba kwamba ana huzuni. Tukafuta maneno, tukaacha fidla ianze peke yake, mama akimkunjia mwanawe kanga, kimya. Tangu hapo kila wimbo ulipimwa: ukitolewa na hadithi ikasonga vilevile, basi haurudi. Tisa zikabaki sita. Wimbo wa wavuvi, tulioupenda kuliko zote, nao ulikwenda na maji.

Changamoto zipo. Waigizaji ni kumi na wanne, vipaza sauti viwili. Ganuni, ala ya nyuzi nyingi ya taarab, hatuna; utakayoisikia leo ni kinanda cha kuazima kinachojitahidi.

Mheshimiwa, tunaomba utusaidie vipaza sauti vinne, mwalimu wa ganuni walau kwa mwezi mmoja, na usafiri wa kulipeleka igizo hili Fumba. Tungependa wazee wa kule watuambie tulipokosea kabla hatujalionyesha kwingine.

Tunaomba kuwasilisha, na tunaomba ruhusa yako pazia lifunguliwe.