Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chake Chake

Assalaam alaykum ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, simwingilii. Mimi nitasema juu ya majarida ya sheria tunayoyasoma.

Mwanzo wa mwaka wapo waliotaka tuchange tulipie lile jarida kubwa la sheria za kimataifa la Marekani, linalotoka tangu 1907. Kamati ilikataa, na mimi nilikuwa wa mbele kukataa. African Human Rights Law Journal la Pretoria, lililoanza 2001, linasomwa bure mtandaoni, na mambo yake ndiyo yetu: Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, Mahakama ya Afrika ya haki hizo iliyoko Arusha, haki za watoto. Basi tunapakua makala kwa simu, inachapishwa steshenari hapa Chake, nakala zinapanda gari za abiria kwenda Wete na Mkoani.

Mjadala uliotukesha ulikuwa wa kifungu cha 34(6) cha Itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika. Chini ya kifungu hicho Tanzania ilitoa tamko 2010 la kuruhusu mtu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja Arusha, na Novemba 2019 ikaliondoa. Kesi zilizokwishafunguliwa ziliendelea. Tukiwa katikati ya hayo, mzee wetu mmoja wa Wete akauliza: "Na Zanzibar je, sisi tuliulizwa?" Vijana wakacheka. Kumbe suali zito. Mambo ya nje ni ya Muungano, na 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema, katika kesi ya uhaini, kwamba Zanzibar si dola kwa sheria za kimataifa. Lakini Katiba ya Zanzibar ya 1984 ina sura yake ya haki. Mwenye kunyimwa haki hapa Pemba aende wapi likimshinda la ndani?

Hiyo ni makala kamili, nasi tumeiachia barazani. Tunasoma sana, kuandika tunaogopa.

Aliyethubutu ni mmoja tu. Mswada wake ulirudi kutoka jaridani umejaa maoni, mengi juu ya tanbihi: hukumu alizozitaja hazionekani popote ila masjala ya mahakama. Alikasirika, nikamwambia wahariri wana haki. Msomaji wa Accra ataiaminije hukumu asiyoweza kuifungua? Sasa anapekua TanzLII, tovuti ya bure ya hukumu za Tanzania, moja moja, kutafuta namba ya kesi, tarehe na aya.

Na tahadhari: wanachama kadhaa wamepata barua pepe za kuahidiwa, kwa ada, makala kutoka jaridani ndani ya wiki. Ada peke yake si kosa, yapo majarida ya kweli yanayotoza. Haraka ndiyo ya kutiliwa shaka. Jarida linalojiheshimu huwapa mswada wajuzi waupime, mara nyingi bila kuambiwa mwandishi ni nani, na kazi hiyo huchukua miezi.

Kamati inaomba wenye nakala za hukumu majumbani, hasa mawakili wastaafu, wazilete kwa katibu zipigwe picha. Makala ya mwezi ujao nayo iko kwake. Nakala ni moja, steshenari imeishiwa wino, kwa hiyo anayeichukua Jumatatu airudishe Alkhamisi.