Yah: Kijana wetu wa darasa la saba la mwaka 1972 na Siku ya Mashujaa

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salaam. Tunafunga muhula wa kwanza Ijumaa hii, na taarifa ya maendeleo ya kila mtoto imo katika bahasha aliyokabidhiwa pamoja na barua hii, hivyo mambo ya mitihani sitayagusa hapa. Ninawaandikia kuhusu kijana mmoja aliyesoma katika shule yetu, ambaye hadi mwezi Machi mwaka huu hakuna hata mwalimu mmoja kati yetu aliyejua kwamba aliwahi kukaa kwenye madawati haya.

Wengi wenu mmekwishasikia kwa watoto. Darasa la tano walipewa kazi ya kuuliza nyumbani habari za Vita vya Kagera, na mwanafunzi mmoja akarudi kesho yake ameongozana na bibi yake, aliyeshika bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Bibi alitueleza kwamba kaka yake alimaliza darasa la saba hapa mwaka 1972, akaenda JKT, kisha akaingia jeshini, na kwamba alifia Uganda mwaka 1979 kabla hajatimiza miaka 21. Tulikwenda stoo kuitafuta rejesta ya uandikishaji, ambayo nusu yake imeliwa na mchwa (uzembe huo ni wetu, nami kama mkuu wa shule nauchukua), tukalikuta jina lake kwenye mojawapo ya kurasa zilizosalia. Limeandikwa kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa kulala, na kwenye safu ya sababu ya kuondoka shuleni mwalimu wa wakati ule aliandika neno moja tu: Amemaliza. Jina lenyewe sitaliweka katika barua ambayo kesho itakuwa kwenye kila simu. Watoto wanalijua, na mkiwauliza watawaambia.

Nimefundisha vita hivyo kwa miaka mingi, na nakiri kwamba nimevifundisha kama mfululizo wa tarehe. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yetu iliyo kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Siku iliyofuata daraja la Kyaka likavunjwa. Na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Mtoto akizikariri hizo anapata alama zake zote. Lakini ndani ya ile bahasha ya kaki mlikuwamo karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa penseli kijana huyo akiwa Mwanza anasubiri meli ya kwenda Bukoba, na nilipoisoma niliona jinsi tarehe zangu zilivyomwacha nje. Adui hatajwi popote. Anauliza kama bati alizotuma fedha zake zimeshaezekwa. Anasema viatu alivyopewa vinambana, ila wenzake wamemwambia vitalegea njiani. Anamkataza mdogo wake, huyu ambaye leo ni bibi, asije akaacha shule kwa kisingizio cha kumuuguza mama, kwa kuwa mama ana majirani.

Bibi aliwasimulia watoto kwamba siku Radio Tanzania ilipotangaza kuanguka kwa Kampala, kijiji kizima kilitoka nje na ngoma, na mama yao alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Habari za mwanawe zilimfikia siku kadhaa baadaye, na kumbe siku ile alipokuwa anacheza, kijana alikwishazikwa. Tangu hapo mama huyo hakutaka tena redio iwashwe ndani ya nyumba yake. Darasa lilinyamaza, halafu mtoto wa kiume aliyekaa nyuma akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu kuuliza, kama kaka yake bibi alikuwa anaogopa. Bibi akacheka kidogo. "Alikuwa anaogopa nyoka," alisema, "ataachaje kuogopa mizinga?"

Kaburi lake liko Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na ya wenzake zaidi ya 600. Mama alifariki bila kufika huko; bibi amefika mara moja.

Tutakaporudi Julai, tutaiadhimisha Siku ya Mashujaa, Julai 25, kwa namna tofauti na tulivyozoea. Kitaifa mnajua utaratibu: Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na buruji hupigwa. Hapa shuleni, kwenye paredi ya asubuhi, mwanafunzi wa darasa la tano atausoma ule mstari wa rejesta kama ulivyo, kisha ataisoma barua yote, pamoja na habari za viatu, na tutasimama kimya kwa dakika moja. Bibi ametuomba mambo mawili, kwamba tusiimbe nyimbo za kupigana na tusiwaambie watoto kuwa kaka yake alikwenda kufa kwa furaha. Kamati ya shule ilijadili ombi la pili kwa muda mrefu, na wapo waliodhani linampunguzia heshima. Mimi naafikiana na bibi. Neno shujaa linamstahili, ila tumezoea kulitamka na kuona tumemaliza kazi, kama yule mwalimu na safu yake.

Hakuna mchango wowote utakaodaiwa kwa shughuli hii, na akitokea mtu anawadai, nijulisheni. Nawashukuru pia wazazi waliojitolea kuwashonea watoto kombati za mabaka, lakini nawaomba waache, kwa sababu raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi ni kosa kisheria.

Mzazi mmoja alinikumbusha kwamba tunazungumzia vita kama jambo la wazee, ilhali usiku wa Desemba 7, 2017 askari wetu waliuawa kambini kwao Semuliki, nchini Kongo, walikokuwa wakilinda amani, na kwamba hapa shuleni wapo watoto wenye baba au mjomba aliye jeshini sasa hivi. Amesema kweli. Kama nyumbani kwenu kuna msiba wa namna hiyo, au kuna mtu aliye kazini mbali, tafadhali mwelezeni mwalimu wa darasa mapema, ili mtoto asije akashtukizwa mbele ya wenzake.

Limebaki jambo la picha. Bibi anayo moja tu ya kaka yake, na upande wa uso umeliwa na wadudu. Wahitimu wa mwaka 1972 walipigwa picha ya pamoja chini ya mwembe uliokuwa mbele ya ofisi, na bibi anakumbuka kwamba alisimama mstari wa nyuma, wa pili kutoka kushoto, amefunga kifungo cha juu cha shati. Nakala ya shule haipo. Ikiwa babu, baba au shangazi yeyote ameihifadhi picha hiyo, naomba mniazime. Nitaipiga nakala siku hiyohiyo na kuirudisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu