Harambee ya ufukwe: tuchangie uzio wa mti-boya

Mwangaluka ndugu wazazi, walezi, wanafunzi wa zamani na majirani zetu wa mwaloni,

Kamati ya shule inawaomba shilingi 1,540,000, na safari hii si za madawati wala matundu ya choo. Ni za kichaka. Najua kuna wanaocheka. Hata kwenye kikao cha wazazi walianza kwa kucheka, mpaka binti wa darasa la nne alipoingia na gogo nene kama paja la mtu mzima, kalishika kwa mkono mmoja. Baba mmoja, mvuvi, alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayejiandaa kwa mzigo, nusura alirushe darini.

Gogo hilo ni la ambachi, jina la kitaalamu Aeschynomene elaphroxylon. Watoto wetu wanauita mti-boya. Ni wa jamii ya kunde, unaota miguu ikiwa majini kandokando ya mafunjo, na shina lake lina vimiba vinavyokwaruza kweli. Maua yake ni ya njano iliyokolea kuelekea chungwa, umbo kama ua la mbaazi ila makubwa zaidi. Tunda lake limejikunja kama chemchemi ya kalamu. Likikauka linakatika vipande vipande, kila kipande na mbegu yake, vinaelea kwenda kutafuta ufukwe mwingine. Mbao yake ni nyepesi mno, na ndiyo maana huko Ziwa Baringo, Kenya, Wailchamus wanaunganisha mashina yake kutengeneza vyombo vya kuvulia. Sisi hapa maboya yetu siku hizi ni vipande vya ndala na chupa za plastiki, na mawimbi yanaturudishia zote mlangoni.

Lakini hatuutaki kwa ajili ya maboya. Tunautaka kwa kile kilicho chini yake. Anayetaka kuelewa apande mtumbwi asubuhi, asogee taratibu kwenye kichaka kilichobaki upande wa mawe, achungulie maji katikati ya mizizi. Vifaranga vya sato vimejaa humo. Furu, wale samaki wadogo, nao wapo. Tangu sangara aletwe kwenye Ziwa Victoria letu miaka ya 1950 furu wengi wametoweka, na baadhi ya waliobaki wamepona kwa kujificha kwenye maji ya mafunjo na vichaka, yenye hewa haba ambayo sangara hayamudu. Juu, mnana wanafuma viota. Na mizizi ile inakamata udongo: mwaka 2020 ziwa lilipojaa, pale penye kichaka ufukwe haukumegeka kama ulivyomegeka nyuma ya jiko la shule, ambapo vichaka vilikuwa vimefyekwa zamani kupata bustani za mchicha.

Mwaka jana tulijaribu bila uzio. Mbegu za kwanza tulizipanda kavu, hazikuota. Za pili tukaziloweka usiku kucha, zikatoka vizuri, tukahamishia miche ufukweni na kupiga picha. Baada ya wiki tatu mbuzi walikuwa wameshakula majani ya nusu yake. Nusu iliyobaki ilizolewa usiku mmoja na kokoro, ule wavu wa kuburutwa hadi ufukweni. Wote tunajua makokoro yamepigwa marufuku, na wote tunajua yanavutwa saa ngapi. Sitaendelea.

Kwa hiyo sasa tunataka uzio kwenye kipande kile cha nyuma ya jiko. Nguzo 60 za mikaratusi ni shilingi 480,000, na seng'enge mizingo minne ni 480,000 nyingine. Viriba na samadi 90,000. Mlinzi wa usiku kwa miezi sita 600,000, na hapo ndipo wajumbe walipobishana zaidi, lakini bila yeye tutarudia yale yale. Mabuti marefu ya mpira jozi 12 ni 300,000: maji ya ufukwe yana kichocho, na hatutamwingiza mtu humo peku. Watoto watabaki nchi kavu kwenye kitalu. Wa kuingia majini ni watu wazima. Jumla 1,950,000. Walimu na wajumbe tumeshachanga 410,000.

Tumezungumza na mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa mwalo. Njia ya mitumbwi na ya kuteka maji hazitaguswa. Na kwa wanaouliza eneo ni la nani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kuharibu mazingira. Kwa hiyo hatumnyang'anyi mtu shamba.

Asiye na fedha alete nguzo, misumari, toroli la kuazima, au wavu chakavu. Wavu wa zamani unazuia bata vizuri kuliko waya.

Tukutane Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 10, saa 4 asubuhi, uwanja wa shule, ili vuli ikianza miche iwe tayari kushuka. Kutakuwa na mnada wa jogoo na sato wabichi. Fedha zote zitapokelewa na mwekahazina wa kamati, kwa stakabadhi, na hesabu itabandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu. Baada ya mnada tutashuka wote ufukweni, kwa hiyo vaeni viatu vya kufunika miguu. Vile vimiba havichagui mgeni rasmi.